Wingu la Nani? Tahakiki ya Istilahi za Programu Huria na Uwekaji wa Taarifa

Hivi karibuni mwandishi wa makala hii aliletewa fomu ya kurasa nne ili aipitie lugha yake. Ilikuwa fomu ya ridhaa, yaani ile ambayo watafiti wa afya humsomea mwananchi kabla ya kumchoma kidole na kuchukua matone ya damu. Fomu hiyo ilikuwa imekwisha fasiriwa kutoka Kiingereza na mtu mwingine, nayo ilikwisha somwa hadharani katika kijiji kimoja kilicho chini ya Amani, wilayani Muheza. Sentensi iliyozua maneno ilikuwa ya mwisho katika ukurasa wa tatu: “Taarifa zako zitahifadhiwa katika wingu kwa kutumia programu ya bure, na faragha yako itazingatiwa.” Niliarifiwa kwamba mzee mmoja aliyekaa mbele alinyosha mkono, akauliza: “Mwanangu, wingu hilo ni la nani?” Kijana aliyekuwa akisoma akamjibu kwa adabu, “Halina mwenyewe, babu. Ni la kompyuta tu.” Mzee akashukuru, akainuka, akaenda zake bila kutia dole gumba.

Wenye mradi walidhani kwamba mzee yule hakuelewa. Mimi nadai kwamba alielewa vema, na kwamba upungufu ulikuwa katika fasiri. Katika sentensi ile moja yamo maneno manne ambayo siku hizi yameenea katika magazeti, katika mitaala ya shule, katika barua za ofisi na katika simu za mkononi, nayo yote manne yanahitaji kutazamwa upya: bure, wingu, hifadhi na faragha. Nitaanza na lile lililo jepesi kusahihishwa.

Tangu mwaka 1983, Richard Stallman wa Marekani alipotangaza kazi yake ya kutengeneza mfumo wa kompyuta uitwao GNU, pamekuwapo jamii ya waandishi wa programu wanaoshikilia kwamba mtumiaji wa programu anastahili kuwa na haki nne: kuiendesha kwa madhumuni yoyote ayatakayo, kuichunguza jinsi ifanyavyo kazi na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa hata zile nakala alizozibadili yeye mwenyewe. Programu za namna hiyo Waingereza waliziita kwa neno “free”, na papo hapo wakajitia taabani, maana neno hilo kwao hubeba mambo mawili: kitu kisichouzwa, na mtu asiyetawaliwa. Miaka yote tangu hapo wenye hoja hiyo wamekuwa wakieleza kwamba makusudio yao ni maana ya pili, si ya kwanza. Mwaka 1998 wengine wao walichoka na maelezo hayo, wakabuni jina jingine lenye maana ya chanzo kilicho wazi.

Lugha yetu haikuwa na taabu hiyo hata kidogo. Sisi tunalo “bure” na tunalo “huru”, na hakuna mtoto wa darasa la pili awezaye kuyachanganya. Inasikitisha basi kuona mfasiri wa Kiswahili akilichukua tatizo la Kiingereza, ambalo kwake halikuwapo, akalileta nyumbani na kuchagua ile maana ambayo wenyewe waliikataa. “Programu ya bure” yaeleza bei tu. Tena, kama kila msomaji ajuavyo, “bure” katika Kiswahili haliishii kwenye bei: maneno ya bure ni maneno yasiyo na maana, na mtu aliyehangaika bure hakupata kitu.

Madhara ya kosa hili si ya sarufi. Mnamo tarehe 1 Aprili 2004 kampuni ya Google ilianzisha huduma ya barua iitwayo Gmail, ambayo ilimpa mtumiaji nafasi kubwa isiyowahi kutolewa na wengine, wala hakutakiwa kulipa senti moja. Badala yake mitambo ya kampuni ilizipitia barua zake ili kumchagulia matangazo ya biashara, na zoezi hilo liliendelea hadi kampuni ilipotangaza mwaka 2017 kwamba italikomesha. Huduma hiyo ilikuwa ya bure pasipo kuwa huru. Katika mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyopewa jina la Jambo OpenOffice. Hiyo nayo haikuuzwa, lakini thamani yake haikuwa katika kutouzwa. Thamani yake ilikuwa kwamba Watanzania waliweza kuifungua, wakaingiza maneno yao, wakaisambaza bila kuomba idhini kwa mtu. Ikiwa zote mbili tutaziita “programu za bure”, basi tumezitia katika kapu moja bidhaa iliyolipiwa kwa siri za mteja na chombo kilichotolewa kwa haki za mtumiaji.

Neno lifaalo ni “huria”. Limekwisha kubalika katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wasomaji wanalifahamu. Nakiri kwamba lina doa lake: tunalo pia “soko huria”, na huria ile aghalabu ni ya muuzaji kuliko mnunuzi. Hata hivyo doa hilo si kubwa kama lile la “programu wazi” na “chanzo wazi”, ambayo nimeyakuta katika vitabu vya kiada. Msomaji wa kawaida akiambiwa kuwa taarifa zake za ugonjwa zimo ndani ya programu iliyo wazi, ataelewa nini? Ataelewa kwamba kila apitaye atazisoma. Nimewahi kumsikia mwalimu mzoefu akiwaonya wanafunzi wake dhidi ya programu za chanzo wazi kwa hoja hiyo hiyo, ambapo ukweli ni kwamba kilicho wazi ni maandishi ya programu yenyewe, na kwamba kufuli ambalo ramani yake inajulikana na mafundi wote si lazima liwe dhaifu kuliko lile ambalo ramani yake inajulikana na mwenye kiwanda peke yake. Kwa hiyo tuandike “programu huria” tukusudiapo haki, “bila malipo” tukusudiapo bei, na “bure” tuliache pale lilipo.

Sasa nije kwenye wingu, ambako mambo ni mazito zaidi.

Wahandisi wa mawasiliano walikuwa na desturi, walipochora mitandao yao, kuchora umbo la wingu mahali pa ile sehemu ya njia ambayo hawakuhitaji kuionyesha. Mstari uliingia winguni upande huu ukatokea upande wa pili, na yaliyomo katikati hayakumhusu mchoraji. Wingu lilikuwa alama ya kusema “hapa hatuelezi”. Kutoka katika michoro hiyo neno likahamia katika biashara, na tangu kampuni ya Amazon ilipoanza mwaka 2006 kukodisha nafasi ya kuweka taarifa katika kompyuta zake, likawa jina la bidhaa. Wafasiri wetu walipolipokea walifasiri mchoro badala ya kufasiri kitu. Wamefuata tamathali ambayo hata kwa wenyewe ilikuwa ya kuficha.

Anayekaa Amani ana sababu ya ziada ya kushangaa. Huko katika Milima ya Usambara Mashariki wingu si tamathali. Huingia mlangoni asubuhi, hulowesha nguo zilizoanikwa, huondoka litakapo. Halina mwenyewe, hakuna awezaye kuweka kitu ndani yake, na hakuna wa kushtakiwa likipotea. Yule kijana aliyejibu kwamba wingu la kompyuta halina mwenyewe hakusema uwongo kwa kusudi. Aliongozwa na neno. Kumbe kinachoitwa wingu ni majumba, yenye milango na walinzi, yenye kompyuta maelfu kwa maelfu, yanayokula umeme mwingi na kuhitaji kupozwa usiku na mchana, nayo yana wenyewe wanaojulikana kwa majina na wanaotawaliwa na sheria za nchi fulani. Mnamo tarehe 10 Machi 2021 jumba moja la aina hiyo, mali ya kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua, na wateja ambao hawakuwa na nakala kwingine walipoteza walivyoviweka. Wala njia ya kuyafikia majumba hayo haipiti angani: hupita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipokatika baharini kusini mwetu, Tanzania na jirani zake walikosa mawasiliano au wakayapata kwa shida, na “mawingu” yao yakawa hayafikiki. Kuhusu sheria, mwaka 2018 Marekani ilipitisha sheria inayoziwajibisha kampuni zake, zikiamriwa kwa kufuata taratibu zilizowekwa, kutoa taarifa zinazozimiliki hata kama taarifa hizo zimewekwa katika nchi nyingine. Kwa hiyo swali la mzee, wingu ni la nani, ndilo swali ambalo mahakama na mabunge ya dunia yamekuwa yakilijadili kwa miaka mingi.

Amani yenyewe ina kisa cha zamani kinachofaa kukumbukwa hapa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha uchunguzi wa mimea na kilimo huko mwaka 1902, na pamoja na bustani wakaanza hazina ya mimea iliyokaushwa, kila tawi likibandikwa katika karatasi na kuandikwa mahali lilipochumwa. Vielelezo vingi vya mimea ya nchi hii vilipelekwa Berlin, katika jumba la mimea la Dahlem, ambalo wakati ule lilihesabiwa kuwa miongoni mwa mahali salama zaidi duniani pa kuweka vitu vya namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 jumba hilo likapigwa kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili na sehemu kubwa ya hazina yake ikateketea. Ile iliyobaki Amani ilipona, na mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi, ambako ndiyo msingi wa hazina ya mimea ya Afrika Mashariki iliyopo hadi leo. Naomba nisieleweke vibaya: kisa hiki hakisemi kwamba kuweka vitu mbali ni ujinga. Kama nakala zisingalikuwapo mahali pengine, hasara ya 1943 ingalikuwa kubwa zaidi, na kama moto ungalizuka Amani badala ya Berlin tungaliwashukuru wale waliopeleka mbali. Lakini hakuna mtu wakati ule aliyesema kwamba mimea imewekwa winguni. Walisema iko Berlin. Aliyetaka kuiona alijua aende wapi, na ilipoungua kila mtu alijua kilichoungua.

Je, tuseme nini badala ya wingu? Rafiki mmoja, mwenyeji wa Pangani, alinipendekezea “amana”. Nililifikiria neno hilo kwa siku nyingi kwa kuwa ni neno zuri na la kale. Katika desturi za pwani yetu, mwenye kusafiri huacha mali yake kwa mtu anayemwamini. Mali hubaki kuwa ya mwenyewe. Mpokeaji huitunza wala haruhusiwi kuitumia kwa faida yake. Na akitakiwa airudishe, huirudisha kama ilivyo. Hukumu zake zinafahamika na kila aliyepita chuoni. Istilahi hii ingekuwa na fadhila ya kumpa msomaji kipimo cha kumpimia anayeshika taarifa zake. Lakini baada ya kusoma masharti ya kampuni kadhaa, kwa subira ambayo simwombei adui yangu, nimeona kwamba neno hilo ni zuri mno kwa kitu chenyewe. Yapo masharti yanayomruhusu mtunzaji kuzitumia taarifa kwa kuboresha bidhaa zake, na mengine kuwashirikisha wengine asiowataja. Hiyo si amana. Tukiita amana kitu ambacho si amana, tutakuwa tumewakopesha wafanya biashara heshima ya neno ambalo wazee wetu walilijenga kwa karne nyingi, na deni hilo halitalipwa.

Mimi napendekeza “ghala la mbali”. Si neno la kupendeza sana, nalo halitaingia katika mashairi. Fadhila yake ni kwamba ghala daima lina mwenyewe, lina ufunguo, laweza kuungua, laweza kuvunjwa, na aliyeweka mahindi yake humo anajua kwamba hana budi kuuliza masharti. Najua nitajibiwa kwamba “wingu” limekwisha zoeleka katika magazeti ya Tanzania na Kenya na katika maandishi ya simu, na kwamba istilahi iliyozoeleka haing’olewi kwa makala. Hoja hii ina uzito. Sisi sote tumeona jinsi “ngamizi” lilivyobuniwa kwa juhudi na jinsi lilivyoshindwa na “kompyuta”, na jinsi “tarakilishi” linavyoishi hasa upande wa Kenya. Basi mafundi wabaki na wingu lao wanapozungumza wao kwa wao. Ninachokipinga ni kuliacha neno hilo liingie katika fomu ya ridhaa, katika mkataba, na katika tangazo la ofisi ya serikali, mahali ambapo mwananchi anatakiwa kutoa neno lake. Humo hata “ghala la mbali” halitoshi; humo liandikwe jina la mwenye kompyuta na jina la nchi ziliko.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unafahamika: hutafutwa kwanza neno katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, ndipo tugeukie lugha za nje. Kwa njia hiyo tulipata “ikulu”, “bunge” na “ngeli”, na katika milima hii ya Usambara na Upare tulipata “kitivo”. Ni utaratibu mwema, lakini huuliza neno limetoka wapi. Hauulizi litamfanya msikilizaji akubali nini. Neno la elimu ya nyota likikosewa, nyota hazitadhurika.

Katika maneno yote manne, lile linalonitia wasiwasi mkubwa ni ambalo hakuna aliyelalamika juu yake, nalo ni “kuhifadhi”. Kiingereza cha fomu ile kilisema tu kwamba taarifa zitawekwa. Mfasiri akaandika “zitahifadhiwa”, wala hakuna mhariri ambaye angemkosoa, kwa sababu katika programu nyingi za Kiswahili amri ya kuweka kazi uliyoiandika ni “hifadhi”. Lakini katika lugha ya watu, kuhifadhi ni zaidi ya kuweka. Ni kuweka pamoja na kulinda. Mungu huombwa ahifadhi, wala haombwi aweke. Msitu ulio juu ya kijiji kile, uliotangazwa mwaka 1997, huitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na kila mwanakijiji aliyewahi kukutwa na panga ndani yake anajua kwamba hifadhi ina askari. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 16, hutumia neno hilo hilo kumwahidi kila mtu ulinzi wa nafsi yake, maskani yake na mawasiliano yake. Kwa hiyo mwananchi akisomewa kwamba taarifa zake “zitahifadhiwa”, amesikia ahadi. Mtafiti hakuitoa ahadi hiyo. Alieleza tu kwamba data haitatupwa. Mmoja ametia saini juu ya jambo moja na mwingine juu ya jambo jingine, na kati yao amesimama mfasiri asiyejua alichokifanya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imetusaidia kwa kuchagua “ulinzi” katika jina lake. Nashauri wafasiri waifuate. “Kulinda” litumike panapokuwa na wajibu wa kuzuia madhara, “kuweka” litumike pale ambapo kitu kinawekwa tu, na “kuhifadhi” litumike pale tu ambapo mwandishi yu tayari kuwajibika kwa yote mawili. Amri ya hifadhi katika programu haina haja ya kubadilishwa, maana anayeibonyeza ni mwenye kazi yake mwenyewe.

Limebaki “faragha”. Neno hili Katiba imelitumia katika kichwa cha ibara niliyoitaja, nalo limethibiti. Sina nia ya kuliondoa. Ila ni vizuri mfasiri ajue mipaka yake. Asili ya faragha ni mahali au wakati: watu hujitenga faraghani, huzungumza kwa faragha. Siri ni jambo lenyewe lililofichwa. Lipo neno la tatu, “sitara”, ambalo wafasiri wa ofisini hawaligusi labda kwa kulidhania kuwa ni la wanawake na la nguo tu. Sitara ni kile ambacho wengine humfanyia mtu: jirani aliyeona akanyamaza, mganga aliyejua ugonjwa asiutaje. Mtu aweza kukosa siri kabisa, maana kijiji kizima kinajua kwamba ana busha, na bado akawa na sitara kwa kuwa hakuna amtajaye. Hicho ndicho kinachopotea taarifa zikiingia katika kompyuta za mbali: si kwamba siri imefichuka, bali zimeingia mikononi mwa wasiomjua, wasio na haya naye. Istilahi ya sheria na ibaki faragha. Lakini mwenye kueleza faragha ni nini kwa mkutano wa kijiji cha pwani ataeleweka upesi zaidi akianzia kwenye kusitiriana.

Jambo hili lina historia katika nchi ya Tanga. Shughuli za kilimo zilipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940, Amani ikageuka kuwa kituo cha uchunguzi wa malaria na magonjwa yaenezwayo na wadudu, kwanza chini ya mamlaka za Afrika Mashariki, na baadaye chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Vimelea vya matende huja katika damu ya juu nyakati za usiku, kwa hiyo wachunguzi walilazimika kuwatoa watu damu usiku. Hebu msomaji afikirie mwenyewe: wageni wenye taa, usiku, wanachukua damu, wanaiweka juu ya vioo, wanaondoka nayo mlimani. Watu wakasema mumiani. Neno hilo katika kamusi za zamani ni jina la dawa, kitu cheusi kama utomvu kilichouzwa pwani kwa kutibu mivunjiko. Watu walidhani hutengenezwa kwa damu, na hatimaye likawa jina la mchukuaji. Wasomi wengi wamecheka uvumi huo. Ndani yake, hata hivyo, lilikuwamo swali la haki ambalo halikujibiwa kwa lugha ifahamikayo: damu inakwenda wapi, nani anaishika, na anaifanyia nini? Wajukuu wa watu wale sasa wanaambiwa kwamba inakwenda winguni.

Ningependa kuongeza neno kwa wale wanaodhani kwamba dawa ya yote ni programu huria. Mfumo wa taarifa za afya nchini, MTUHA, umekuwa ukitumia programu iitwayo DHIS2, iliyokuzwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo kwa ushirikiano na wataalamu wa nchi nyingi, wa Tanzania wakiwamo, na programu hiyo ni huria. Faida yake ni kubwa: wizara yaweza kuiendesha katika kompyuta zake yenyewe, na vijana wetu wanaijua ndani na nje. Lakini uhuria wa programu hauamui kompyuta ziko wapi wala nani ana ufunguo. Programu huria ikiendeshwa katika ghala la mgeni, mgeni bado ni mwenye ghala. Na kinyume chake, nimepata kuona ofisi moja ambayo, kwa kujivunia kujitegemea, iliweka kumbukumbu zake zote katika kompyuta moja chini ya meza, katika chumba kinachovuja, nenosiri likiwa limebandikwa ukutani kwa gundi. Humo wageni hawakuwamo, na taarifa hazikuwa salama hata kwa siku moja. Mwenye kuchagua anachagua kati ya hasara mbili, na lugha ya kweli humwezesha kuziona zote mbili kabla hajachagua. Sheria ya 2022 yenyewe haikukataza kupeleka taarifa nje ya nchi, imeweka masharti.

Baada ya kuyatafakari hayo niliirudisha fomu ikiwa imeandikwa hivi: “Majibu yako na vipimo vya damu yako vitaandikwa katika kompyuta. Kompyuta hizo ni mali ya ………, nazo ziko katika nchi ya ……… . Jina lako litaandikwa mbali na majibu yako, na watakaoweza kuviunganisha ni wafuatao: ……… . Programu tunayoitumia ni huria, maana yake ni kwamba mafundi wowote wanaweza kukagua jinsi inavyofanya kazi. Haina maana kwamba wanaweza kuona majibu yako. Tutayalinda kwa njia ambazo tutakueleza ukiuliza. Ukitaka yafutwe, mwambie ……… .”

Wenye mradi walilalamika kwamba sentensi moja ya Kiingereza imekuwa saba za Kiswahili, na kwamba ukurasa wa tatu sasa umefurika hadi wa nne. Walizikubali zote isipokuwa ile ya ulinzi, ambayo wakili wao aliifuta. Katika nakala niliyorudishiwa ili niihakiki kwa mara ya mwisho, jina la mwenye kompyuta lilikuwa limejazwa kwa kalamu. Nafasi ya jina la nchi ilikuwa bado tupu.